Kungfu ya Mlevi na Ndoo za Machicha

Juzi walikuja vijana watatu wa bodaboda hapa kwangu Mazwi, pikipiki wakaziegesha juu ya vitunguu vya bibi yenu. Shikamoo walinipa, ila ya mbio mbio, ya mtu aliyeacha abiria stendi. Halafu mmoja akachomoa chupa ndogo ndani ya koti, akaiweka mezani mbele yangu, akafuta mdomo kama tayari ameshakunywa.

"Babu, tunataka utufundishe ile kungfu ya mlevi. Dawa yake tumekuja nayo."

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Vijana wangu, nimefundisha kungfu katika mji huu tangu nikiwa na nywele, na hakuna mwaka uliopita bila mtu kuniletea chupa. Zamani walileta pombe ya ulezi kwenye dumu. Siku hizi mmeona kwenye simu mtu anayumba, anadondoka, anainuka na kumpiga teke jitu zima, basi mnadhani siri iko kwenye kilevi. Nimechoka kuhadithia kila chupa inapofika. Ndiyo maana nimekaa niandike, ili anayefuata nimpe karatasi asome mwenyewe, mimi niendelee kuota jua.

Kwanza, msiniite sensei. Sensei ni wa Wajapani, wa karate. Kwa Wachina mwalimu ni sifu, lakini mimi hata hiyo sitaki. Babu Desi inanitosha.

Aliyenifundisha mimi alikuwa fundi viatu. Najua mnasikitika, mlitaka niseme mtawa wa mlimani mwenye ndevu nyeupe. Hapana. Mwalimu Zakaria alikuwa na kibanda cha mabati pale sokoni, kimejaa soli na harufu ya gundi, na ujana wake aliumaliza akipiga nyundo kwenye reli ya kwenda Zambia. Huko kambini kulikuwa na mpishi wa Kichina, mtu mfupi mwenye kitambi, ambaye jioni akishamaliza masufuria alikuwa anacheza kungfu peke yake nyuma ya jiko. Zakaria akaenda kumwomba. Yule mpishi akampa viazi amenye. Alimenya viazi muda mrefu sana kabla ya kuonyeshwa chochote, na nadhani ndipo alipojifunza ukatili alionifanyia mimi.

Nilikuwa kijana wa Milanzi, nalima mahindi na baba asubuhi, mchana nashinda sokoni kujifanya natafuta kazi. Nilikuwa nimeona mkanda mmoja wa kungfu kwenye kibanda cha video, cha jenereta, picha inakatika kila jenereta ikikohoa. Nikajua mimi nimezaliwa kwa ajili ya hilo, nikaenda kwa Mwalimu Zakaria kuomba anifundishe. Wiki ya pili nilitarajia kuruka ukuta. Wiki ya pili ilinikuta nyuma ya kibanda chake cha viatu nimesimama msimamo wa farasi: miguu mbali, magoti yamekunjwa, mapaja kama umekalia kigoda ambacho hakipo. Mwalimu Zakaria aliweka kiatu cha mteja kwenye kila paja langu.

"Kiatu kikianguka, unakipiga rangi," alisema.

Nilipiga rangi viatu vya nusu ya mji huu. Mapadre, makarani, mama lishe, wote walipendeza kwa ajili ya miguu yangu mibovu. Biashara ya Mwalimu ilistawi mwaka ule, na mimi mjinga nilidhani nafundishwa bure.

Baada ya kusimama kukaja kuanguka. Hapa nisikilizeni vizuri, maana ninyi wa pikipiki somo hili mtalihitaji kuliko kungfu yenyewe. Ukianguka, kidevu kifuani. Pumzi toa nje, usiibane. Mgongo uwe wa mviringo, ufike chini na nyama, usifike na mfupa. Na kiganja usikitangulize kamwe. Mimi nilikitanguliza siku ya kwanza, juu ya magunia ya makapi ya ulezi aliyonitandikia, na mkono ukavimba hata kijiko sikuweza kushika. Mama alinilisha ugali huku akiniuliza kama Wachina nao hulishwa na mama zao.

Jirani na kibanda cha Mwalimu kulikuwa na duka la kushona, na kwenye cherehani ya mwisho, karibu na dirisha, alikaa Leonsia. Huyo huyo mnayemwita bibi, anayewaangalia vibaya sasa hivi kwa ajili ya vitunguu. Alikuwa anaishi kwa shangazi yake hapa Mazwi siku za kazi, na Jumamosi anarudi kwao Kasense. Kila nilipoanguka vibaya, cherehani ilinyamaza. Ndivyo nilivyojua ananiangalia. Nikaanza kuanguka zaidi ya nilivyoagizwa.

Tukaelewana. Mambo ya wakati ule yalikuwa na utaratibu wake, sikuwa na haki ya kwenda kwao kujionyesha kabla mshenga hajatangulia. Kwa hiyo baba yake sikumjua hata sura. Nilichojua ni maneno ya Leonsia mwenyewe, aliyoniambia akiwa amesimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Desi, baba yangu hajawahi kuonja pombe, na walevi hawapendi. Dada yangu mkubwa alimwoza kwa mlevi. Alirudi nyumbani mkono umevunjwa. Tangu siku hiyo baba hacheki ovyo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nakunywa soda. Na ilikuwa kweli.

Shida ni kwamba wakati ule ule Mwalimu Zakaria aliamua nimeiva kwa kungfu ya mlevi. Alinionyesha mkono wa kikombe, vidole vimekunjwa kana kwamba vimeshika kikombe kidogo cha kahawa, ambao ukiutazama unachekesha na ukikugonga kooni hauchekeshi tena. Alinionyesha macho ya usingizi yanayoona kila kitu. Lakini mwendo ulinishinda. Niliyumba kama mtu anayeigiza kuyumba, na hakuna kitu kibaya zaidi.

"Mwalimu, labda nionje kidogo tu," nilisema.

Akanirushia soli ya buti. "Mlevi wa kweli hajui anakwenda wapi. Wewe unatakiwa ujue mpaka unyayo unapokanyaga, ila anayekutazama asijue. Nenda kwenye kilabu cha pombe. Kaa, usinywe. Mtafute mlevi asiyeanguka, umsome."

"Wote wanaanguka, Mwalimu."

"Basi endelea kutafuta."

Nikawa naenda kilabu kimoja cha pombe ya ulezi huko Milanzi, nakaa kwenye gogo na karanga zangu. Mama muuza pombe aliniuliza kama nimetumwa na serikali. Niliwasoma walevi wa kila aina. Wa kuimba, wa kulia, wa kuhubiri, wote mwisho wao ulikuwa mtaroni. Mpaka jioni moja nikamwona yeye.

Mzee mwembamba, kofia imemkaa upande. Alitokea nyuma ya nyumba ya pombe na mti begani, ndoo moja inaning'inia mbele na nyingine nyuma, zimefunikwa majani ya mgomba. Harufu ya pombe ilimtangulia. Na mwendo wake, jamani! Mguu wa kulia ulikwenda pembeni kama unataka kuaga, kiuno kikazama, bega likapanda, nikasema sasa anakwenda na ndoo zake mtaroni, halafu kiuno kikamrudisha taratibu njiani. Hatua ya pili vivyo hivyo. Mvua ilikuwa imenyesha, utelezi mtupu, na hakuanguka.

Nikajiambia, huyu ndiye profesa. Amekunywa mpaka ananuka hatua kumi, na bado anabeba ndoo mbili akamalizie nyumbani. Nilimheshimu sana.

Nikaanza kumfuata. Kumsalimia niliona haya, nikawa nakaa nyuma kwa mbali, kwenye njia ya Kasense inayopita katikati ya mashamba, na kila alivyofanya nikafanya. Mguu pembeni, kiuno kinazama, bega juu. Ninyi mmezaliwa mjini hamjalima intumba, yale matuta ya mviringo tunayorundika majani chini na udongo juu, shamba zima limejaa vilima vidogo. Kuyumba katikati ya intumba bila kukanyaga hata moja ni chuo kikuu. Mzee hakuniona hata siku moja, kwa sababu mtu mwenye mti begani na ndoo mbili hageuki ovyo. Ila kina mama waliokuwa wakipalilia waliniona vizuri sana.

Mwendo ukanikubali. Mwalimu Zakaria alipoutazama aliacha sindano ikining'inia kwenye kiatu, akasema, "Huyo uliyemsoma ni bingwa." Nikavimba kichwa. Nikaona sasa nimekuwa mtu, nikamwomba mjomba wangu Didas awe mshenga, apeleke posa Kasense.

Mjomba alirudi kabla jua halijapanda vizuri. Alikuwa na hasira, na zote zilikuwa za kwangu.

"Hata kigoda sijapewa! Baba mtu amesema kijana anayepita mashambani kila jioni anayumba hawezi kumpa binti. Mlevi wa kwanza alimvunjia mtoto mkono. Wa pili hamtaki. Desi, tangu lini unakunywa?"

Niliumia, siwafichi. Nilikuwa nimejenga nyumba nzima kichwani, na cherehani nimeshaiwekea dirisha lake.

Leonsia ndiye aliyekuwa na hasira kuliko wote. Alinifuata nyuma ya kibanda, mkasi bado mkononi.

"Nimekutetea jioni nzima. Nimesema hunywi. Wananiuliza, mbona anatembea vile? Nikasema ni kungfu. Bibi akauliza, kungfu ndiyo pombe gani hiyo, inapikwa na nani?"

Nikacheka. Haikuwa siku ya kucheka.

"Njoo Jumapili baada ya misa, na mwalimu wako, mmweleze baba wenyewe," alisema. "Lakini nisikilize, Desi. Akikataa tena, mimi sitoroki na mtu. Nilimwona dada alivyoingia getini. Nitaolewa baba akiwa ameridhika, la sivyo basi."

Basi Jumapili tukaenda. Mwalimu Zakaria alivaa koti ambalo nadhani alilipata kambini, linanuka dawa ya nondo. Mama yake Leonsia alitupokea kwa heshima, akatupa vigoda uani. Bibi yake, kikongwe, alikaa mlangoni kwenye mkeka, akinitazama jinsi mnavyotazama trafiki. Leonsia alisimama karibu na jiko. Tukaambiwa baba anakuja, yuko nyuma kwenye banda la nguruwe.

Akatokea pembeni ya nyumba na mti begani na ndoo tupu zinaning'inia. Mguu wa kulia ukaenda pembeni, kiuno kikazama, bega likapanda.

Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba Leonsia amenidanganya, baba yake ndiye mlevi mkuu wa wilaya. Kisha mzee akaketi, akanyoosha ule mguu kwa mikono yote miwili kama mtu anayepanga kuni, na mama akasema kwa upole, "Leo baridi imekushika nyonga, Baba Leonsia." Mzee Oresti, ndilo jina lake, akajibu kwa sauti safi kabisa, macho meupe kama ya mtoto. Ndipo nikaelewa. Jasho lilinitoka, na mnajua baridi ya Kasense ya mwezi wa sita.

Mwalimu Zakaria, ambaye hakujua kitu, alieleza vizuri sana. Kwamba huu ni mchezo wa nidhamu, kwamba anayeucheza haruhusiwi hata kunusa pombe, kwamba kuyumba kule mtu anakujifunza kwa jasho. Mzee Oresti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," alisema. "Basi anionyeshe."

Nikamwinamia Mwalimu sikioni. "Siwezi."

"Unaweza, umefanya miezi."

"Ni yeye."

"Nani?"

"Mlevi wangu. Ni yeye."

Mwalimu akautazama mguu ulionyooshwa. Akazitazama ndoo. Mimi mwendo mwingine sikuwa nao. Kukataa kucheza ilikuwa ni kukubali kwamba mimi mlevi. Nikasimama katikati ya uwanja, nikashika mkono wa kikombe, nikaenda.

Hatua ya pili tu, mama alijiziba mdomo kwa kanga. Hatua ya nne, bibi pale mlangoni akapiga paja.

"Mwe! Huyu si Oresti huyu?"

Leonsia alifunika uso. Nilimaliza zamu yangu, nikasimama, nikasubiri kufukuzwa.

"Nani amekufundisha mwendo huo?" Mzee Oresti aliuliza.

"Ni wewe, baba. Nilikuona kilabuni Milanzi. Nikawa nakufuata nyuma."

"Ukadhani nimelewa."

"Ndiyo, baba."

"Na ndoo?"

"Nilidhani ni za kwenda kunywa nyumbani."

"Ndoo mbili?"

"Ndiyo, baba."

"Kila siku?"

Bibi aliteleza kwenye mkeka kwa kicheko, ikabidi Leonsia amwinue. Mzee Oresti peke yake hakucheka. Aliniambia kwamba mkokoteni wa ng'ombe ulimpindukia zamani, nyonga ikakaa vibaya, na huo ndio mwendo uliobaki. Kilabuni anafuata machicha, yale makapi ya ulezi yanayobaki pombe ikishachujwa, kwa ajili ya nguruwe wake. Pombe yenyewe anaijua kwa harufu tu.

"Mlevi nimeshakaa naye meza moja," alisema. "Yule mkwe wangu wa kwanza aliapa hapa hapa ulipo, kwa maneno matamu kuliko ya mwalimu wako. Nikamwamini. Mtoto wangu akarudi na mkono umefungwa kanga. Maneno sitaki tena." Akaokota ule mti, akaninyooshea. "Kule nyuma kuna ndoo mbili nyingine, zimejaa. Zipeleke bandani. Usipite njiani, pita kwenye intumba. Mimi nitaangalia ndoo, wewe sikuangalii. Ukimwaga, shika njia ya kwenu moja kwa moja."

Nikainama, nikapachika mti begani, nikainuka. Hatua za kwanza nilitembea kiume, kifua mbele, mgongo wima, nimwonyeshe mkwe mtarajiwa kwamba mimi ni mzima. Ndoo zikaanza kubembea, machicha yakapanda mpaka kwenye ukingo. Nilisikia Mwalimu akivuta pumzi. Nikasema moyoni, Desi, kiburi weka kando. Nikakiachia kiuno, nikauacha mguu uende pembeni, nikawa yeye. Ndoo zikatulia. Kumbe ule mwendo wa mzee haukuwa nyonga peke yake. Ndivyo mzigo unavyobebwa ardhi ikiwa mbaya: kiuno kinapokea mtikisiko, bega halipati habari.

Nimefika karibu kabisa na banda, nguruwe jike amesikia harufu, akasukuma kijiti cha mlango, akanijia moja kwa moja kati ya miguu.

Nikaanguka. Kidevu kifuani, pumzi nje. Magoti yalikunjika kwanza, yale magoti ya viatu vya mapadre, yakanishusha chini mpaka ndoo zikakaa zenyewe kwenye udongo, moja mbele, moja nyuma. Ndipo nikauacha mti, nikabingirika pembeni na mgongo wa mviringo, nikatulia kwenye tope la nguruwe na suruali yangu ya Jumapili.

Mzee Oresti alikuja kwa ule mwendo wake, akanipita. Alichungulia ndoo ya kwanza. Akachungulia ya pili. Zilikuwa zimejaa kama zilivyokuwa.

"Mlevi angemwaga," alisema. Akamgeukia mkewe. "Wapeni watu chakula. Na yule mjomba wake arudi kesho, atapewa kigoda."

Leonsia alilia. Mimi pia nililia, ila nilikuwa na tope usoni, nikasingizia tope.

Nilipofungua ukumbi wangu hapa Mazwi, Mzee Oresti alikuwa anapita siku za soko na ndoo zake, anapumzika mlangoni. Wanafunzi walikuwa wanaacha mazoezi, wanajipanga kumtazama akiondoka. Hakujua kwa nini, au alijua akanyamaza. Ule mwendo niliowafundisha watu wa mji huu miaka yote, mnaodhani ulitoka China, ulitoka Kasense kwenye banda la nguruwe. Alipofariki tulimzika mwendo ukiwa umebaki kwetu sote, na mpaka leo wanafunzi wangu wakicheza namwona, na huwa nageuka pembeni kidogo.

Sasa mimi mwenyewe nimestaafu. Magoti yamekwisha. Nikisimama, mguu wa kulia unakwenda pembeni bila kuagizwa. Nasikia mnavyonong'ona pale kijiweni, "Babu Desi siku hizi anazipiga." Endeleeni tu. Chupa yenu ninayo, bibi ananisugulia nayo magoti, na harufu yake ndiyo hiyo mnayoisikia.

Ila niwaeleze walichoondoka nacho wale watatu juzi. Leonsia alikuwa ameketi upande wa pili wa ua, akaomba chai. Nikamimina, nikakijaza kikombe mpaka juu kwa kusudi, nikaanza safari. Mguu ukaenda, kiuno kikazama, bega likapanda. Yule kijana wa chupa akaruka anishike mkono.

"Mwache," Leonsia alimwambia.

Hakunitazama mimi. Alitazama kikombe mpaka kikamfikia mkononi, akachungulia ndani, akazungusha kidole kwenye sahani kuona kama imelowa. Ilikuwa kavu.

"Mlevi angemwaga," alisema, akanywa chai yake.